Oili ya Bosi na Mbuzi Aliyenitangulia Tunduru

Tangu nirudi, sipiti kijiweni Ruhuwiko, hapa Songea, bila mtu kuniita: "Ponsiano, ni kweli mbuzi wako alifika Tunduru kabla yako?" Ni kweli. Lakini nimechoka kusimulia vipande vipande, na kila anayesimulia kwa niaba yangu anatia chumvi yake. Juzi nimesikia eti mbuzi ndiye alikuwa anaendesha. Kwa hiyo nimekaa nikaandika yote, kuanzia nyumbani mpaka nyumbani. Anayetaka chumvi zaidi ana jiko lake.

Kwanza mjue safari yenyewe ilikuwa ya nini. Dada yangu, aliyebatizwa Felista, aliolewa Tunduru zamani na Rashidi, Myao mkulima wa korosho, akasilimu akawa Fatuma. Sisi Wangoni wajomba tunao, lakini mjomba wetu ni mtu wa kupewa paja la kuku na kuulizwa habari za mvua. Kwa Wayao mjomba ni kitu kingine kabisa. Mjomba ni serikali. Na katika ukoo wa shemeji yangu Rashidi, bibi harusi hatoki ndani mpaka mjomba wake, ndugu wa mama yake, asimame mbele za watu aseme ameridhika. Baba anaweza kuwa ameridhika, shehe amefika, pilau limeiva na linaanza kupoa. Kama mjomba hajasema, watu wanakaa wanatazamana. Fatuma ana ndugu wa kiume mmoja tu. Ndiye mimi.

Anayeolewa alikuwa Zuhura, mpwa wangu, ambaye harusi yake ilishaahirishwa mara moja kwa sababu ya msiba upande wa bwana harusi. Wakwe walikuwa wanatoka Masasi, na mzee wao alishatamka kwamba safari hii ikivunjika tena, wao hawarudi. Ndoa ilikuwa Jumamosi, baada ya sala ya adhuhuri. "Kaka," Fatuma aliniambia kwenye simu, "nakujua wewe na barabara. Ukinichelewesha, nitakufa na wewe."

Songea: kila mtu na oili yake

Mke wangu, Mama Toni, alisema nipande basi. Nikamweleza kwamba barabara ile naijua tangu ilipokuwa tope. Nikiwa kijana niliipita juu ya magunia ya lori nikienda kuchimba mawe ya vito, tukilala njiani, tukisukuma, tukila mahindi ya kuchoma tuliyopewa na watu tusiowajua. Siku hizi ni lami, basi linapita na abiria amelala mdomo wazi. Mimi nilitaka kuipita nikiwa macho, kwa pikipiki yangu mwenyewe, nisimame ninapotaka.

"Wewe hutaki kufika," Mama Toni akasema. "Wewe unataka kwenda tu."

Mimi nilikuwa nimeshatoka kutafuta oili.

Kabla ya safari ndefu unamwaga oili ya zamani unaweka mpya. Mpaka hapo kijiwe kizima kinakubaliana. Baada ya hapo hakuna anayekubaliana na mwenzake. Mmoja alisema niweke nzito kwa sababu ya joto la Tunduru. Mwingine akasema nyepesi, kwa sababu asubuhi baridi ya Matogoro inagandisha injini. Wa tatu alisema yeye anaweka oili ya malori ya dizeli. "Lori linabeba magunia ya mahindi mpaka Makambako, itashindwa na wewe na mbuzi wako?" Mwingine alichovya kidole kwenye ya kwake, akaisugua, akainusa, nikadhani sasa ataionja.

Fundi wangu, Kastori, aliingia ndani akatoka na chupa ndogo ya lita moja, ina picha ya pikipiki mbele.

"Hii."

"Mbona ya bei rahisi hivi?"

"Unataka niipandishe bei?"

"Kastori, naenda ukweni kwa dada. Kule mimi ni mjomba."

"Pikipiki haijui kama wewe ni mjomba."

Hapo ndipo alipotokea jirani yangu Baba Festo, dereva wa bosi mmoja mjini, amebeba galoni la rangi ya fedha lenye maandishi ya dhahabu. Bosi alikuwa ameuza gari, na galoni lilibaki jipya, halijafunguliwa. Baba Festo alikuwa ananipa zawadi ya harusi. Akalifungua, akanidondoshea kidogo kiganjani. "Sugua. Unaona inavyoteleza? Hata sabuni haitelezi hivyo. Hii pikipiki yako ikiinywa itajiuliza imefanya jema gani."

Niliisugua. Ilikuwa inateleza kweli. Kijiwe kizima kikanyamaza kwa heshima.

Kastori aligeuza galoni, akatazama nyuma. "Hii ya gari."

"Na gari ni nini?" Baba Festo akamuuliza. "Si pikipiki mbili zimefungwa pamoja?"

Watu walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye benchi, na ubishi ukaishia pale. Kijiweni kwetu anayechekesha ndiye anayeshinda, mnajua wenyewe. Kastori aliweka oili ya bosi huku midomo ameibana. Alipomaliza akafuta mikono. "Nimeweka," akasema. "Sikuchagua."

Songea mpaka Lumecha: injini inalia

Niliondoka Ijumaa asubuhi, milima ya Matogoro bado imefunikwa ukungu. Nyuma nilifunga tenga, ndani yake beberu mweusi mwenye pembe moja iliyopinda. Nilimchukua akiwa hai ili Waislamu wamchinje wenyewe. Galoni la bosi nalo nilibeba, lile lililobaki. Nilijiambia ni la kuongezea njiani. Ukweli ni kwamba nilitaka Rashidi alione.

Mwanzo wa safari ulikuwa mtamu. Upepo wa baridi kifuani, watoto wa shule pembeni wakipiga kelele, "Mbuzi! Mbuzi!" na beberu akiwajibu kila mara, hakuacha hata mmoja. Nilianza kuimba.

Wimbo ulikatika mlimani kabla ya Lumecha. Nilizungusha mkono kuongeza mafuta, injini ikapandisha sauti, lakini pikipiki haikuongeza mwendo. Nikazungusha zaidi. Ukiisikiliza injini ungedhani tunakimbia. Ukitazama barabara ungeona tumepitwa na baiskeli yenye gunia la mkaa. Mwenye baiskeli alituangalia akatikisa kichwa, akaendelea kukanyaga.

Lumecha nilisimama kwa mama anayechoma mihogo. Vijana wawili waliokuwa wanacheza bao waliacha bao lao.

"Kabureta," akasema wa kwanza kabla sijafungua mdomo.

"Kabureta kabisa," akasema wa pili.

Waliifungua, wakaipuliza kwa midomo kwa zamu, wakabishana, wakaifunga. Mimi nikala mihogo na chumvi na pilipili mpaka machozi yakanitoka, nikawapa na wao, tukaongea habari za mvua. Nilipowasha, pikipiki ilipanda mlima uliofuata kama haikuwahi kuugua. Niliwapungia mkono kwa furaha. Sasa najua kwamba kabureta haikuwa na kosa lolote. Pikipiki ilikuwa imepoa tu. Lakini siku ile niliwatangaza vijana wale njia nzima.

Namtumbo: mbuzi anapanda basi

Ugonjwa ulirudi kabla sijafika Namtumbo, na ulirudi mkubwa. Mlima mmoja nilishuka nikatembea pembeni, nikiishika pikipiki usukani kama mtu anayemsindikiza mgonjwa zahanati. Jua lilikuwa juu kabisa nilipoegesha mbele ya hoteli ya Mama Edita, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto.

Niliagiza ugali, likolo, yaani mboga ya majani, la kuunga kwa karanga na dagaa wa Nyasa. Nilikuwa nimefika tonge la tatu nikasikia mbuzi wangu analia. Kutoka nje, namkuta Mama Edita ameshamshusha, anambinya mgongo.

"Huyu leo amekonda," akasema. "Bei ile ya siku zote sikupi."

"Mama, siuzi."

"Kila Ijumaa unasema huuzi ili nipandishe. Tazama mbavu hizi! Huyu ni mbuzi au chanja?"

Kumbe kuna bwana anayemletea mbuzi kila Ijumaa kwa pikipiki nyekundu kama yangu, na Mama Edita humtazama mbuzi tu, uso wa mwenye mbuzi hana haja nao. Ilibidi nivue kofia ngumu anione uso. Alicheka akapiga mapaja, akaniongezea likolo bure, akaniuliza nakwenda wapi. Nikamweleza harusi, nikamweleza na pikipiki inavyolia bila kwenda.

Akamtazama tena mbuzi yule yule. "Sasa kwa mbuzi mnene hivi, itapandaje mlima?"

Mpishi akaunga mkono. Wateja wawili nao wakaunga mkono. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshiba na walikuwa wengi, nikaona wana akili. Basi la kwenda Tunduru lilikuwa limesimama ng'ambo ya barabara likipakia. Nikaongea na kondakta, kijana mwenye miwani ya jua, tukamfunga beberu vizuri kwenye buti akiwa na majani yake.

"Ukifika stendi, dada yangu Fatuma atakuwepo, namwambia sasa hivi kwa simu. Mpe mbuzi, umwambie mjomba yuko nyuma, pikipiki inasumbua, lakini anakuja. Umesikia? Anakuja."

"Poa, mkuu."

Nilimpigia Fatuma, nikamwambia akapokee mzigo wangu stendi jioni. Nilitaka kumweleza zaidi, simu ikazima. Asubuhi nzima nilikuwa naipiga picha milima. Nikasema si neno, kondakta ataeleza.

Halafu nikawasha pikipiki, na kwa kuwa ilikuwa imepumzika muda wote huo wa ugali na maelewano, iliondoka Namtumbo kama mshale. Nilicheka peke yangu ndani ya kofia. Kumbe ni mbuzi!

Msituni: nasukuma tena

Baada ya Namtumbo nyumba zinapungua, kisha zinakwisha, na msitu unakuja mpaka ukingoni mwa lami. Kuna vibao vya kukutahadharisha na wanyama, na kuna mavi ya tembo katikati ya barabara kukuthibitishia kwamba vibao havisemi uongo. Siyo mahali pa kusimama.

Ndipo pikipiki iliposimama. Yaani haikuzima, hilo ndilo lililokuwa linaniudhi. Iliwaka vizuri, ikanguruma vizuri, niliweka gia ya kwanza, nikaachia klachi taratibu, na hatukwenda popote. Mbuzi hayupo, kabureta ni safi. Nilibaki na mshitakiwa mmoja tu, ambaye ni mimi mwenyewe, na nilijiangalia tumbo, nikaona kwa likolo lile la Mama Edita inawezekana.

Nikasukuma. Nikipumzika, inakwenda kidogo. Ikipata moto, inakataa. Na kwa kweli nitawaambia kitu ambacho Mama Toni hajui. Kulikuwa na kona moja, yenye jiwe kubwa lililokaa kama ng'ombe aliyelala, nikaitambua. Pale pale, zamani, tuliwahi kushuka kwenye lori watu wote tukasukuma, mimi nikiwa na viatu vya kuazima, na mama mmoja aliyekuwa na kuku alitusimamia kama nyapara akisema, "Sukumeni, wanaume, au mnishikie kuku nisukume mimi?" Nilisimama pale nikacheka. Nilikuwa nimetaka kuipita barabara hii polepole. Haya, nilikuwa nimepata.

Lakini kicheko kile hakikudumu. Harusi ilikuwa kesho.

Niliingia Mchomoro jua linazama, jasho limekaukia mgongoni. Bwana Saidi, mwenye duka la pembeni mwa barabara, alinipa maji, wali na mkeka, na hakuniuliza maswali mpaka niliposhiba. Umeme wa jua wa dukani ulikuwa umekwisha, simu ikabaki imezima, na namba ya Fatuma ilikuwa humo humo, kichwani sina. "Kesho asubuhi kuna basi," akanifariji. "Pikipiki utaiacha kwangu."

Asubuhi basi lilikuja kweli. Lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Kondakta alinipungia mkono kama kiongozi wa msafara, likapita.

Mchomoro: chupa iliyokuwa kwenye rafu

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya duka, kichwa nimeshika, aliposimama mwanamke mwenye pikipiki, viatu vya mpira, matope mpaka magotini. Ni bibi shamba wa tumbaku, anazunguka kukagua vitalu vya wakulima. Jina lake Skola. Aliagiza chapati na chai, akanitazama, akaitazama pikipiki.

"Kaka, nani anaumwa hapo, wewe au yeye?"

"Yeye. Mimi nimeambukizwa."

"Anafanyaje?"

"Analia, haendi. Akipumzika, anaenda."

Aliacha kutafuna. "Ukiwa mlimani ukiongeza mafuta, mlio unapanda, mwendo haupandi?"

"Hivyo hivyo!"

"Oili umebadilisha lini?"

"Juzi hapa. Na siyo oili ya mchezo, dada." Nikaenda kulileta galoni, nikamwekea mbele yake, maandishi ya dhahabu yakimwelekea.

Skola alicheka mpaka akashika nguzo ya duka. Chai ilimwagika. Alijaribu kusema, akacheka tena. "Na mimi!" akasema mwishowe. "Na mimi niliiweka! Shemeji yangu ana gari, akaniambia chukua hii, hii ndiyo yenyewe. Kaka, msimu mzima ule wakulima wangu walikuwa wananisukuma kutoka kitalu hadi kitalu. Walifikiri ni sehemu ya mafunzo."

Kisha akanieleza, na aliyenieleza hivyo ni mtu aliyelipia somo kwa miguu yake. Kwenye gari, klachi inakaa kivyake, pakavu, haikutani na oili ya injini. Kwenye pikipiki kama zetu, sahani za klachi zinaogelea humo humo ndani ya oili ya injini. Sasa hizi oili za magari ya kisasa zina dawa za kufanya kila kitu kiteleze, ili gari linywe mafuta kidogo. Kwa gari ni vizuri. "Lakini klachi kazi yake ni kushikana," akasema, akaniwekea viganja vyake viwili pamoja. "Umeipaka sabuni mikono, halafu unaiambia ivute kamba."

Nikakumbuka kiganja changu kijiweni Ruhuwiko, na jinsi tulivyonyamaza kwa heshima.

"Sasa nitaipata wapi oili yenyewe, huku msituni, na mpwa wangu anaolewa leo mchana?"

"Uzito wake umeandikwa hapo kwenye kifuniko chako cha oili, futa vumbi usome. Halafu kwenye chupa tafuta herufi mbili, M na A, hizo ni za klachi inayoogelea." Akageuza shingo kuelekea dukani. "Bwana Saidi, si unazo?"

Bwana Saidi akanyoosha mkono nyuma ya sabuni za mche, akatoa chupa ndogo yenye picha ya pikipiki. Ile ile. Mdogo wake na ya Kastori, tumbo moja.

"Bwana Saidi! Nimelala kwako, nimekula wali wako, nimelia mbele yako. Mbona hukuniambia una oili?"

"Hukuuliza," akasema. "Na umekuja na galoni zima la fedha. Ningekuuzia hii, si ungenicheka?"

Tulimwaga oili ya bosi kwenye beseni bovu. Bwana Saidi aliichukua kwa furaha, akasema atapaka nguzo za banda lake, mchwa hawaipendi. Skola akanishauri ninunue chupa mbili: niweke moja, nitembee mwendo wa taratibu isafishe sahani, niimwage, niweke ya pili. Akanifuata nyuma mpaka kitalu chake cha mwisho, na kila pikipiki ilipoteleza alinipigia honi ya kunizomea. Tulipomwaga ya kwanza na kuweka ya pili, nilijaribu mlima. Mlio ukapanda. Na mwendo ukapanda.

"Nenda!" Skola akapiga kelele. "Kamwoze mtoto!"

Tunduru: kiti cha mjomba

Sikusimama tena popote, hata Matemanga ambako nina rafiki wa zamani atakayenilaumu akisoma hapa. Mikorosho ilipoanza, na ile harufu ya mabibo yaliyoanguka, nilijua nimekaribia. Adhana ya adhuhuri nilikutana nayo naingia mjini.

Nyumbani kwa Rashidi turubai lilikuwa limefungwa, mikeka imetandikwa, masufuria ya pilau yamepangwa. Lakini hakukuwa na ngoma wala kigelegele. Watu walikuwa wamekaa kama wapo kituo cha polisi. Gari la wakwe kutoka Masasi lilikuwa limegeuzwa, pua imeelekea barabarani, na dereva ameshaingia ndani akawasha. Katikati ya turubai kulikuwa na kiti kimoja kikubwa chenye mto. Kiti cha mjomba. Na kwenye mguu wa kiti hicho, akiwa amevishwa kanga mpya shingoni, alikuwa amefungwa beberu wangu.

Nilivua kofia. Watu wote waligeuka.

Mama yake Rashidi, ambaye wote wanamwita Abiti Salumu, ndiye mkubwa wa ukoo ule, mwanamke mdogo wa mwili na mkubwa wa kauli. Nilimwendea nikainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kufanya nini, na mbuzi ulishatuma?"

"Mama, sikumtuma. Ametangulia tu."

"Mbuzi anatanguliaje bila mtu?"

"Kwa basi."

Mtu mmoja nyuma alikohoa kicheko, akanyamazishwa. Ndipo Fatuma akanivuta pembeni, macho mekundu, akanieleza. Katika ukoo wao, mjomba asiyeridhika hagombani. Hutuma mnyama, yeye haji. Mnyama maana yake: shughuli yenu kuleni, mimi simo. Kondakta wa miwani alikuwa amemshusha beberu, akasema maneno mawili tu, "mbuzi wa mjomba," na kuondoka. Simu yangu haipatikani. Tangu jana jioni baraza la ukoo lilikuwa limekaa kutafuta walinikosea wapi. Mmoja alisema ni kwa sababu posa ilipoletwa nilipewa habari kwa simu. Mwingine alikumbuka kwamba nilipokuja zamani nilinyimwa chai ya pili. Rashidi alikuwa ametunga maneno ya kuniomba radhi, na kwa kuwa mimi sikuwepo, Abiti Salumu alimwamuru ayaseme mbele ya mbuzi, ambaye ndiye aliyekuja kwa niaba yangu. Aliyasema. Mbuzi alikula kona ya mkeka.

"Na Zuhura?"

"Yumo ndani analia. Mzee wa Masasi amesema anasubiri sala iishe, kisha anaondoka."

Abiti Salumu akagonga fimbo yake chini. "Mjomba amefika. Asimame aseme. Kama ameridhika, amwambie bwana harusi neno. Kama hajaridhika, amwambie pia."

Nilisimama. Mikono yangu ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko, galoni la fedha bado nimelikumbatia, sijui kwa nini. Njia nzima kutoka Songea nilikuwa na siku mbili za kuandaa hotuba, na zote nilikuwa nawaza klachi. Basi nikawaeleza klachi. Niliwaambia habari za kijiwe, za Kastori na chupa yake, za Baba Festo, za kabureta, za mbuzi aliyekonda na kunenepa mbele ya Mama Edita bila kula kitu. Walianza kucheka kidogo kidogo, kwa kuchungulia uso wa Abiti Salumu kwanza. Nilipofika kwenye chupa ya Bwana Saidi nyuma ya sabuni, yeye mwenyewe akacheka, na turubai zima likafunguka.

Bwana harusi alikuwa amekaa mbele, kijana mwembamba, kanzu imemlowa jasho. Nikamgeukia.

"Mwanangu," nikamwambia, "sina neno lingine, utanisamehe. Huyu Zuhura usimletee kitu kwa sababu ni cha ghali, wala kwa sababu wenye magari wanakisifia. Muulize kwanza yeye ndani yake anatumia nini. Na ukiambiwa na mtu anayejua, usimshinde kwa kuchekesha watu." Nikamgeukia Abiti Salumu. "Mimi nimeridhika. Niliridhika tangu Songea."

Kigelegele kilichotoka ndani ya nyumba kilikuwa cha Zuhura mwenyewe, jambo ambalo bibi harusi hafanyi, na shangazi zake walimfunika mdomo. Dereva wa Masasi alizima gari. Kisha akanijia taratibu, macho kwenye galoni.

"Mjomba, samahani. Hiyo ni ya gari, siyo? Taa ya oili imewaka tangu Masasi, na ndilo la kumbeba bibi harusi."

Tukasoma pamoja nyuma ya galoni, tukasoma na kitabu cha gari, safari hii sikuona aibu kusoma. Herufi na namba zililingana. Oili ya bosi ikapata mahali pake, na jioni gari liliondoka na Zuhura bila taa kuwaka.

Kurudi Songea

Kurudi kwangu hakuna hadithi, ndiyo maana ninyi hamniulizi habari zake. Nilimpelekea Skola korosho, nikanywa chai kwa Bwana Saidi, nikapanda milima yote nimekaa kitako. Kastori sasa hivi akiniona anatoa chupa ndogo bila kuniuliza, na Baba Festo anadai sifa zote ni zake, kwa sababu gari lililombeba Zuhura lilitembea kwa oili yake. Kijiweni wamecheka, kwa hiyo ameshinda.

Mbuzi hakuchinjwa. Walipomfuata na kisu, Abiti Salumu alikataa. "Tumemkalisha kwenye kiti cha mjomba, tumemwomba radhi, amepokea," alisema. "Sasa tumle?" Yuko kule mpaka leo, anaitwa Mjomba, na amenenepa bila ubishi.

Juzi nilipiga simu kuuliza kama sikukuu ya Idi niende, au nitangulize mbuzi mwingine. Abiti Salumu alichukua simu mwenyewe mkononi mwa Fatuma.

"Njoo wewe," akasema. "Mjomba wa kukaa kimya tunaye."